Kitako Ndani ya Shuka

Inspekta Kobe hakupewa jina hilo kwa sababu ya sura yake. Alipewa na askari wenzake kwa kuwa akifika penye tukio hukaa kwanza. Wengine hukimbilia kupima na kupiga picha. Yeye hutafuta kiti, au jiwe, au ndoo iliyogeuzwa juu chini, akakaa na kutazama mpaka watu wakasahau kwamba yupo. Asubuhi hiyo alikuwa amekaa kwenye benchi ndani ya ghala la silaha la klabu ya shabaha, kofia juu ya goti, akiitazama bunduki iliyolazwa mezani juu ya blanketi la kijivu.

Ilikuwa bunduki ya mashindano, ya risasi ndogo, yenye mtutu mzito na mrefu. Chuma chake kilikuwa cha zamani lakini kimetunzwa kama mtoto wa pekee. Kitako ndicho kilikuwa kipya. Sehemu yote inayokibeba chuma, kuanzia inapokaa begani hadi puani chini ya mtutu, ilikuwa plastiki nyeusi, nyepesi, haina hata mkwaruzo.

"Ndiyo hiyo, Afande," alisema Katibu wa klabu. Alikuwa mwanajeshi mstaafu mwenye masharubu yaliyochanwa na shada la funguo kiunoni. "Ndiyo iliyomwangusha Jicho."

Jicho alikuwa mlengaji hodari kuliko wote pale klabuni, mwanamke ambaye watu walikuja kumtazama akipiga shabaha kama wengine wanavyokwenda kutazama mpira. Jumamosi iliyopita yalifanyika mashindano ya mchujo ya kuchagua timu ya taifa. Kila mtu alikuwa ameshampa nafasi kabla hajalala kwenye mkeka. Kumbe risasi zake zikatawanyika kama za mtu aliyeshika bunduki siku hiyohiyo. Nafasi ikaenda kwa mwingine. Mashindano yalipokwisha, Kocha akaikagua bunduki na kukuta vitu viwili: skrubu ya mbele ilikuwa na alama mpya ya bisibisi, na kati ya mtutu na plastiki kulikuwa na kipande cha karatasi. Palepale, mbele ya watu, akatangaza kwamba bunduki imechezewa. Kuchezea silaha iliyofungiwa ghalani ni kosa la jinai, ndipo polisi wakaitwa.

Mtuhumiwa hakuwa wa kutafutwa kwa tochi. Alikuwa baba mzazi wa Jicho.

"Mzee Randa," Katibu alisema, akionyesha rafu kwa mkono. "Fundi wetu wa vitako. Kila kitako cha mbao unachokiona hapo kimepita mikononi mwake. Kamati inakaa leo baada ya chakula cha mchana. Ukituambia amechezea bunduki, tunamnyang'anya kibali cha kushika silaha, karakana inafungwa, na wewe unaondoka naye. Sasa niambie utasemaje kwamba hakuchezea, na mwenyewe amekiri kuifungua?"

"Amekiri?"

"Amekiri. Ukimuuliza kwa nini, anatazama viatu vyake."

"Na humu aliingiaje?"

Katibu akashika masharubu yake. "Nilimfungulia mimi."

Inspekta aliigeuza kofia juu ya goti. Alingoja.

"Ijumaa, jua likiwa linashuka. Alisema anataka kukiona hicho kitako kipya tu. Nikasema, fundi ni fundi, acha aone. Nikaenda kunywa chai. Na chai yenyewe ilikuwa ya moto."

"Kwa hiyo chai ya moto ndiyo iliyonileta hapa."

"Unaweza kusema hivyo, Afande. Ila usiiandike."

Inspekta akavaa glavu, akachukua koleo dogo na kuinamia bunduki. Kipande cha karatasi kilikuwa bado palepale, hakuna aliyethubutu kukitoa. Kilikuwa chembamba, kigumu kidogo, chenye wino mwekundu upande mmoja, na ukingo wake wa juu ulikuwa umechanika. Kilikaa upande wa kulia wa mtutu, karibu kabisa na pua ya kitako. Alikigusa kwa ncha ya koleo. Kikateleza bila ubishi wowote. Akakirudisha mahali pake, akakigusa tena, kikateleza tena.

"Aliyeweka karatasi ili isukume mtutu," alisema polepole, "angeweka nene. Hii hata haijabanwa."

"Labda ilibanwa, ikalegea."

"Labda. Bunduki hii ilikuwa ghalani tangu lini?"

"Ilikuwa imelazwa," Katibu alijibu, na alipoona Inspekta amenyanyua nyusi, akaeleza. Klabu ile ilikuwa na desturi yake. Mkesha wa mashindano, Kocha huchukua bunduki ya kila mlengaji, akailaza juu ya mifuko ya mchanga, akapiga mpaka kilengeo kimekaa sawa, kisha ikafungiwa. Walisema bunduki imelazwa. Mwenyewe haruhusiwi kuigusa mpaka asubuhi, asije akaanza kukizungusha kilengeo kwa woga. "Hata mimi nilipokuwa napiga, nililaziwa. Mwenye bunduki usiku ule ana wasiwasi kama bwana harusi. Ukimwachia, ataharibu."

Inspekta akavua glavu, akachukua kofia yake.

*

Kocha alikuwa uwanjani, akipigilia mbao za shabaha. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye filimbi shingoni. Alimpa Inspekta mkono wa kulia. Wa kushoto aliuacha umejikunja kiwikoni kama wa mtu aliyebeba kikapu.

"Mimi na yule mzee hatuna ugomvi," alianza kabla hajaulizwa. "Ninamheshimu. Lakini zama zake zimepita, na hilo linamuuma. Mbao ni kitu kinachokunywa maji, Inspekta. Mvua ikinyesha inavimba, jua likiwaka inanywea. Leo inagusa mtutu, kesho haigusi. Mtutu ukiguswa hautetemeki vilevile kila mara, na risasi inakwenda inakotaka. Plastiki haijui mvua wala jua. Ndiyo maana nikamwagizia Jicho kitako kile."

"Kilifika lini?"

"Siku mbili kabla ya mashindano. Kilichelewa njiani."

"Na ukamshauri akitumie hivyohivyo?"

"Wingu lilikuwa limeshatanda. Mwaka jana mvua ilimponza na kitako cha baba yake, hakutaka yarudi yaleyale. Nikakifunga, akalala nacho kwenye mifuko ya mchanga, akapiga, safi. Ijumaa nikakilaza mwenyewe. Risasi zilipita kwenye tundu moja, zikafuatana kama siafu. Asubuhi ya pili yake, hovyo! Katikati hapo aliingia nani? Mzee Randa."

"Unasema alifanya kwa wivu."

"Sisemi mimi, anasema mwenyewe kwa vitendo!" Kocha akasogea karibu. "Jumamosi asubuhi, kabla ya risasi hata moja, alikuja hapa na kile kitako chake cha mbao, amekifunga ndani ya shuka kama maiti ya mtoto. Akakiweka juu ya mkeka wa binti yake, akaondoka bila salamu. Watu wote waliona. Sasa niambie, Inspekta. Mtu analeta kitako cha akiba kwa bunduki nzima? Alijua itakataa. Alijuaje?"

Lilikuwa swali zuri. Inspekta alilitia mfukoni pamoja na kalamu yake.

"Mkono huo ulipatwa na nini?"

"Huu? Pikipiki, zamani. Haunyooki. Lakini kupuliza filimbi hakuhitaji mikono miwili."

*

Nyumba ya Mzee Randa ilikuwa mwisho wa mtaa wenye karakana za kuchomelea vyuma. Mbele walikaa watu, nyuma ilikaa kazi. Jicho alikuwa barazani na beseni la nguo, akizikamua kama anayewanyonga wezi. Alikuwa amechukua likizo kazini kwa ajili ya kambi ya timu. Likizo ilibaki, kambi haikuwepo tena.

"Shikamoo, Afande. Ukimtaka baba, yuko nyuma. Hatusemezani, lakini njia nitakuonyesha."

"Marahaba, binti yangu. Nakutaka wewe kwanza." Inspekta akaigeuza ndoo tupu, akakaa. "Niambie risasi zilivyokwenda."

"Si wameshakwambia? Hovyo."

"Hovyo ina namna nyingi."

Jicho akaiacha nguo ndani ya beseni. Ilionekana hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo. "Zile za kujaribia zilikwenda kushoto. Zote, pamoja. Nikazungusha kilengeo kulia, zikaingia katikati. Nikasema, haya, tumeelewana. Nikapumzika kidogo. Niliporudi, zikaenda kushoto zaidi. Nikazungusha tena. Baadaye kidogo, zikaanza kurudi kulia zenyewe, moja moja. Ni kama kumfukuza kuku, Afande. Ukienda huku, yeye kule."

"Juu na chini?"

"Juu na chini hazikuwa na neno. Ni kushoto na kulia tu."

"Ulipopumzika, ulivua mkanda?"

Mkanda ni ule wa ngozi ambao mlengaji huuzungusha kwenye mkono wa kushoto na kuushikiza chini ya pua ya kitako, ukambana na bunduki wakawa kitu kimoja. Jicho alifikiri. "Niliuvua. Niliporudi niliukaza kuliko mwanzo, kwa hasira. Halafu ukalegea wenyewe, ngozi ikipata joto hulegea." Akanyamaza. "Kwani mkanda umefanya nini? Mkanda ni uleule wa miaka yote."

"Na ugomvi wako na baba yako ni wa lini?"

"Wa mwaka jana, wakati wa mvua. Kitako chake kilivimba, risasi zikapanda. Nilimwambia, Baba, mbao inagusa mtutu. Akasema mbao yake haina kosa, ni mimi ninayevuta kifyatulio kama navuta maji kisimani. Mbele ya watu! Nikamwambia asiiguse tena bunduki yangu. Akaapa hataigusa." Akachukua nguo nyingine. "Baba akiapa ameapa. Ndiyo maana niliposikia aliingia ghalani, niliamini moja kwa moja. Mtu kama yule havunji kiapo bila sababu kubwa, na mimi sikuona sababu nyingine ila kutaka nishindwe."

"Na shuka?"

Uso wake ukakaza. "Shuka lile nililalia nikiwa mtoto. Lina maua ya njano. Alikuja kunicheka, Afande. Kunionyesha kwamba nitamrudia."

*

Karakana ya nyuma ilinukia mafuta ya kitani na vumbi la mbao. Patasi, randa na misumeno midogo ilining'inia ukutani, kila kifaa ndani ya umbo lake lililochorwa kwa penseli. Mzee Randa alikuwa amesimama akisugua kwa msasa kipande cha mbao kilichobanwa kwenye jiliwa. Alikuwa mrefu na mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Karibu, bwana mkubwa. Umekuja na pingu?"

"Ziko garini, mzee wangu. Zimelala."

"Basi zisiamshwe kabla sijamaliza kusugua. Mbao ikiachwa katikati inabaki na kovu."

Inspekta akakaa juu ya gogo. Msasa ukaenda na kurudi. Kwenye msumari mmoja karibu na dirisha kulikuwa na tepe nyembamba za karatasi, zimekatwa kutoka kwenye kalenda ya zamani. Nyingine zilikuwa na namba nyeusi, nyingine nyekundu, za Jumapili.

"Hizi ni za nini?"

Mzee akaweka msasa chini. Akatoa rafuni bunduki kuukuu isiyo na kifyatulio, aliyoiweka kwa kupimia. Akapitisha utepe kati ya mtutu na mbao, akauvuta kwa vidole viwili kutoka puani hadi ndani. Ukapita kama uzi kwenye sindano. "Ukipita, mtutu unapumua. Ukikwama, mbao imegusa. Hakuna kipimo zaidi ya hicho."

"Uliochanika ndani ya bunduki ya Jicho una wino mwekundu."

"Ni wangu."

"Ulichanika kwa nini?"

Mzee akatazama viatu vyake.

"Utepe unaopita hauchaniki," Inspekta alisema. "Kwa hiyo ulikwama. Lakini leo asubuhi nimeugusa mwenyewe, unateleza. Bunduki ni ileile, karatasi ni ileile, hakuna aliyeigusa tangu Jumamosi. Nini kimebadilika?"

Nje nguo zilikamuliwa.

"Haya. Nionyeshe basi kitako cha kwenye shuka."

Hilo mzee hakulikataa. Alikitoa chini ya meza, akafungua shuka la maua ya njano lililopauka, na kitako kikatokea. Kilikuwa cha rangi ya kahawia iliyoiva, kizito, mshipa wa mbao ukienda moja kwa moja bila fundo. Inspekta alikigeuza. Nje kilikuwa na mng'ao wa miaka. Ndani ya mfereji unapolala mtutu, mbao ilikuwa nyeupe, imerandwa upya, kisha ikapakwa mafuta ambayo yalikuwa bado yanashika kidole.

"Umeupanua mfereji."

"Kidogo."

"Lini?"

"Ijumaa, nilipotoka ghalani."

"Kwa hiyo kilikuwa kinagusa kweli. Mwaka jana binti yako alisema kweli."

Mzee Randa alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati kwa muda mrefu kuliko vioo vilivyohitaji. "Alisema kweli," alijibu. "Sikupaka mafuta ndani. Nilipaka nje tu, panapoonekana."

Inspekta akasimama. "Chukua shuka lako, mzee wangu. Twende uwanjani. Na pingu zitakuja nasi, zikalale huko."

*

Inspekta alimwita na Jicho; njiani mzee alikaa mbele na binti nyuma. Uwanjani Katibu alikuwa ameshaileta bunduki na kutandika mkeka, kama alivyoagizwa kwa simu. Kocha alisimama pembeni, filimbi mkononi. Inspekta alitoa kipande cha zamani cha karatasi kwa koleo, akakitia kwenye bahasha, ndipo akatoa maagizo.

"Kwanza kwenye mifuko ya mchanga. Bila mkanda."

Jicho alilala, akakirudisha kilengeo kilipokuwa Ijumaa, akailaza bunduki juu ya mifuko, akapiga. Katibu alitazama kwa darubini akatabasamu. Risasi zote zilikuwa zimetoboa tundu moja.

"Si nilisema?" Kocha alidakia. "Nitolee kitako cha mbao kitakachofanya hivyo!"

"Sasa ondoa mifuko. Vaa mkanda, piga kama Jumamosi."

Jicho alivaa mkanda, akauvuta, akajibana. Alipiga polepole, akipumua kati ya risasi na risasi. Safari hii Katibu hakutabasamu. Risasi zilikuwa kushoto, upana wa kidole kutoka katikati. Inspekta akamwomba alegeze mkanda kidogo apige tena. Zikarudi kulia. Akaze. Zikaenda kushoto. 

"Usisimame," Inspekta alisema. "Mzee wangu, niazime utepe mmoja."

Mzee Randa akautoa mfukoni. Inspekta akampa Katibu. "Pitisha kati ya mtutu na kitako, upande wa kulia, karibu na pua. Jicho, legeza mkanda."

Utepe ukapita.

"Urudishe palepale. Jicho, kaza."

Jicho alikaza. Katibu alivuta, utepe haukuja. Alivuta tena kwa nguvu za kijeshi, akabaki na nusu mkononi. Nusu nyingine ilikuwa imebaki ndani, upande wa kulia, karibu na pua ya kitako, ukingo wake umechanika.

"Mama yangu," Katibu alinong'ona.

"Pua ya plastiki hii ni laini," Inspekta alisema. "Mkanda unaivuta kushoto, inapinda. Ikipinda, ukuta wa kulia unaugonga mtutu na kuusukuma. Mkanda ukilegea, inarudi. Ndiyo maana asubuhi karatasi iliteleza: ghalani hapakuwa na mkono wa mtu ndani ya mkanda. Ijumaa ulikuwepo. Mzee Randa alikaza mkanda, akapitisha utepe, ukakwama na kuchanika. Akafungua skrubu kuutoa uliobaki, akashindwa kuupata wote kwa sababu Katibu alikuwa amemaliza chai."

"Nilimsikia anarudi," Mzee Randa alisema. "Nikafunga haraka. Bisibisi ikateleza."

Kocha alikuwa ameshaacha kuichezea filimbi yake. "Lakini mimi niliipiga Ijumaa! Nimezilaza bunduki za klabu hii miaka nenda rudi, haijanisaliti hata moja!"

"Umezilaza kwenye mifuko, Kocha. Wewe huvai mkanda. Mkono wako hauwezi."

Kocha akautazama mkono wake uliojikunja kama vile mtu amemwekea pale sasa hivi.

"Na hazikukusaliti kwa kuwa zilikuwa za mbao," Inspekta aliendelea kwa sauti ileile ya chini. "Mbao ile ni nene puani, haipindi kwa mkanda. Ukiipima bila mkanda au nao, ni mamoja. Plastiki umeiangalia upande mmoja tu, wa mvua."

"Zipo za plastiki zilizo ngumu kama reli," Mzee Randa alisema, na wote wakamgeukia. "Nimeziona. Zina chuma ndani. Kocha hakukosea kutafuta. Alikosea hii."

Jicho aliinuka mkekani, mkanda bado mkononi. "Kwa hiyo ulijua, Baba. Ijumaa ulijua."

"Nilijua."

"Mdomo ulikuwa umefungwa na nini?"

Inspekta alirudi nyuma, akaketi juu ya mfuko wa mchanga. Jibu hilo halikuwa la polisi, lakini bila hilo kesi isingefungwa.

"Ningesema nini?" mzee alijibu. "Ningesema nimeipima, ungeniuliza nimeigusa kwa ruhusa ya nani. Nilikuapia. Na mwaka jana uliniambia kweli nikakubishia mbele za watu. Leo nije niseme kitako cha mwenzangu kinagusa mtutu? Hata mimi nisingeamini. Nikaona nikirekebishe kilichokuwa kosa langu, nikuletee, uchague mwenyewe. Nikakifunga kwenye shuka lile ili ujue sikuja kwa shari."

"Mimi niliona shuka, nikajua umekuja kunicheka. Hata sikulifungua."

"Nililiona nilipokuja kulichukua. Mafundo yalikuwa yangu yaleyale."

 Katibu akakohoa. "Sasa kamati niiambie nini, Afande?"

"Bunduki haikuharibiwa na mtu. Ghala halikuvunjwa, lilifunguliwa na mwenye ufunguo. Kesi hakuna. Hayo nitayaandika. Chai nitaiacha."

"Na kibali cha mzee?"

"Kibaki mfukoni mwake. Ila waambie wabadilishe ile desturi. Bunduki ilazwe na mwenyewe, akiwa amevaa mkanda wake."

"Na nafasi ya Jicho?" Kocha aliuliza, sauti yake imepungua mno. "Tukipeleka hii barua ya polisi, labda..."

"Timu imeshaingia kambini," Katibu alisema. "Matokeo hayafutwi kwa kitako. Ingekuwa hujuma, tungeweza kudai arudie. Lakini hujuma hakuna."

Hapo ndipo Jicho alipocheka kidogo, kicheko kikavu. Kumbe hatia ya baba yake ndiyo ingemrudishia nafasi. Alitazama shabaha, akamtazama mzee aliyesimama na mikono nyuma kama mwanafunzi, halafu akachukua bisibisi kwenye sanduku la Kocha.

"Basi mpaka mwakani," alisema. "Baba, shika."

Mzee Randa hakuipokea mara moja. Alijifuta viganja kwenye suruali, kimoja kimoja. "Niliapa."

"Uliniapia mimi. Mimi ndiye ninayekutoa kiaponi."

Mzee alipiga magoti mkekani, akafungua skrubu ya nyuma na ya mbele, akakitoa chuma kwenye plastiki na kukilaza ndani ya mbao iliyotoka kwenye shuka. Alikaza skrubu kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, sikio ameliinamisha kama anayesikiliza mlango. Jicho akalala. Alipiga kwenye mifuko, akapiga kwa mkanda, akaulegeza, akaukaza. Katibu alisogea kwenye darubini lakini Jicho alimtangulia.

Risasi zote zilikuwa mahali pamoja, mkanda ukikazwa au ukilegezwa. Hazikuwa kwenye tundu moja, hata hivyo. Zilikuwa zimesambaa kidogo kuliko zile za plastiki kwenye mifuko ya mchanga, na hapakuwa na haja ya kipimo kuliona hilo.

"Zimetanuka, Baba."

"Nimeziona."

"Na mvua ikija?"

"Safari hii nimepaka mafuta na ndani." Mzee akatia mkono mfukoni, akatoa utepe wa mwisho, wenye namba nyekundu, akamnyooshea. "Lakini usiniamini mimi. Pitisha karatasi."

Inspekta Kobe aliinuka juu ya mfuko wa mchanga, akavaa kofia yake, akabaki amesimama kidogo kuona kama ingepita. Ikapita.